Ada Irudishwe, Mtoto Asifiche Homa

Kila ikaribiapo likizo ndefu ya mwisho wa mwaka twaanza kuletewa karatasi za makambi. Kambi ya skauti, kambi ya masomo, kambi ya vijana wa msikitini na kambi ya vijana wa kanisani, kambi ya mpira, na makambi ya watoto wa wanachama ambayo matawi yetu wenyewe huyatayarisha. Ni jambo jema na wala silipingi. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wale wanaosimama mlangoni na daftari kuwapokea watoto. Lakini katika karatasi hizo, chini kabisa, huwapo maneno mawili ambayo leo nataka kupambana nayo hadharani. Maneno yenyewe ni haya: ADA HAIRUDISHWI.

Mtu ataniuliza, ada na afya ya watoto vinahusiana nini? Vinahusiana sana, nami nilifundishwa jambo hilo na mtoto wa darasa la nne.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa ningali chuo cha ualimu, niliombwa kusaidia katika kambi ya likizo ya siku kumi. Kambi hiyo sitaitaja, maana waliokuwa wakubwa wake wako hai na wengine ni watu wema. Watoto walikuwa kiasi cha 80, wakubwa kwa wadogo, nao walilazwa katika mabweni mawili ya shule moja. Siku ya kupokea nilipewa daftari na kalamu, nikaambiwa niulize kama yuko mgonjwa. Basi nikapanda juu ya ngazi, nikapaza sauti mbele ya watoto wote na wazazi wao waliokuwa bado wameshika mabegi: “Haya, nani mgonjwa hapa?” Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikaandika daftarini, kwa mwandiko mzuri wa kimwalimu, kwamba wote ni wazima. Nilijiona nimefanya kazi.

Siku ya tatu, wakati wa kuoga, mtoto mmoja alikataa kuvua shati. Wenzake wakamzonga na kumcheka. Nikamwita kando, nikamwambia avue. Tumbo na mgongo vilijaa malengelenge, mengine mapya yenye maji, mengine yamekwisha kutumbuka. Tetekuwanga. Nikamwuliza vilianza lini, akasema nyumbani, siku moja kabla ya safari. Nikamwuliza kama mama yake alijua. Akatazama chini muda mrefu, halafu akasema: “Mama alisema nisivue shati. Alisema hela hairudi.”

Usiku ule nilimlaumu mama yule sana. Leo simlaumu. Alikuwa muuza vitumbua, na ada ya kambi ile aliichanga kidogo kidogo tangu katikati ya mwaka, shilingi juu ya shilingi. Karatasi yetu ndiyo iliyomwambia kwamba akisema kweli atapoteza vyote, fedha na nafasi ya mwanawe. Tulimwekea mtego, naye akaingia kama ambavyo ningeingia mimi na wewe.

Tetekuwanga ni ugonjwa mjanja. Mtu aliyeambukizwa hukaa baina ya siku 10 na 21 kabla upele haujaonekana, na huanza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla ya upele wenyewe. Kwa hiyo kambi yetu ilikwisha kwa nyimbo na picha, watoto wakarudi makwao wazima, na baada ya wiki mbili ndipo habari zikaanza kuingia. Nilihesabu watoto kumi na mmoja, nao ni wale tu niliowasikia. Wengi wao ilikuwa taabu ya kujikuna na kukosa siku za kwanza za shule. Lakini mama wa mmoja wao alikuwa mja mzito na hakuwahi kuugua tetekuwanga utotoni. Akaambukizwa, akalazwa. Alipona, na mtoto akazaliwa salama, lakini zile siku alizokuwa wodini mimi sikuweza kupita mbele ya nyumba ile. Kambi haikutoa hata nauli ya kwenda kumtazama.

Tangu wakati huo nimekuwa mtu wa kusoma kila habari ya makambi na maradhi inayonifikia. Habari zilizonifundisha zaidi zatoka Marekani, kwa kuwa huko ndiko makambi ya watoto yamekuwa desturi kubwa kupita pengine pote. Shule zao hufungwa wakati wa kiangazi, tangu Juni mpaka Agosti, na watoto hupelekwa misituni na kando ya maziwa kulala huko wiki moja, wengine wiki saba. Desturi hii ina zaidi ya miaka mia na hamsini. Na kwa kuwa ni ya zamani, wamekwisha kuona kila ugonjwa ukiingia kambini.

Wamarekani wa zamani waliogopa polio kuliko kitu chochote, maana polio ilikuwa ikizuka kiangazi, wakati uleule wa makambi. Mwaka 1916 iliua watu wapatao 6,000 katika nchi ile. Julai 28, 1921, bwana mmoja mwanasiasa, Franklin Roosevelt, alikwenda kutembelea kambi ya skauti huko Bear Mountain, karibu na New York. Wiki mbili hazikupita akaanguka kitandani, na miguu yake haikurudi kuwa na nguvu tena. Madaktari wake walisema ni polio, na waandishi wengi wa historia wanadhani aliipata katika kambi ile ya watoto, ingawa wako madaktari wa miaka ya karibuni wanaobisha kwamba ulikuwa ugonjwa mwingine. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1933. Naikumbusha hadithi hii kwa sababu polio ina tabia moja: watu walio wengi wanaoibeba hawaugui hata kidogo. Mtoto anacheza, anakula, anaimba, na huku choo chake na mikono yake inapeleka ugonjwa kwa mwenzake. Ungesimama juu ya ngazi kama mimi ukauliza nani mgonjwa, hata mtoto mkweli kuliko wote angekujibu kwa moyo safi kwamba yeye ni mzima.

Kumbe basi mlangoni pa kambi huingia wagonjwa wa namna mbili. Yuko mgonjwa asiyejijua, na yuko mgonjwa anayejificha. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine, na makambi yetu mengi hayana dawa ya hata mmoja wao.

Sasa tutazame mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona. Makambi mengi ya Marekani yalifungwa kiangazi kile, lakini mengine yalifunguliwa, na wakuu wa afya wa nchi ile walichapisha taarifa juu ya yale yaliyotokea. Nimezisoma taarifa mbili, moja ya jimbo la Georgia na moja ya jimbo la Maine, nami natamani kila mwenye kuandaa kambi azisome kabla hajachapisha karatasi ya ada.

Kambi ya Georgia haikuwa ya watu wazembe. Kila aliyekuja alitakiwa aonyeshe cheti cha kipimo kwamba hana korona, kipimo kilichochukuliwa si zaidi ya siku 12 kabla ya kufika. Walezi walivaa barakoa. Juni 17 wafanyakazi na vijana wa mafunzo wakaanza kukusanyika, na Juni 21 wakafika watoto 363. Jioni ya kesho yake, Juni 22, kijana mmoja mfanyakazi akahisi baridi ya homa. Tarehe 23 akaondoka. Tarehe 24 kipimo chake kikatoka: ana korona. Siku ileile wakaanza kuwarudisha watoto makwao, na tarehe 27 kambi ikafungwa kabisa. Tazama walivyofanya haraka! Sisi tungekuwa bado twaitisha kikao. Hata hivyo walikuwa wamekwisha kuchelewa. Katika wakazi 597 wa jimbo lile waliokuwa kambini, majibu ya vipimo yalipatikana kwa watu 344, na katika hao 260 walikuwa wameambukizwa. Watoto wadogo wa miaka 6 mpaka 10, ambao watu walikuwa wakisema korona haiwapati, ndio walioambukizwa kwa wingi kuliko wote: zaidi ya nusu yao.

Ilikuwaje? Cheti cha siku 12 kinakwambia habari za siku ile kilipoandikwa, na mtu anaweza kuambukizwa siku ya pili yake, akakaa na cheti safi mfukoni. Watoto hawakutakiwa kuvaa barakoa. Walilala wastani wa watu 15 katika kila kibanda, na vibanda vingine vilikuwa na zaidi ya 20. Madirisha na milango ya majengo havikufunguliwa ili hewa ipite. Na kila siku waliimba na kushangilia kwa nguvu zao zote, kama watoto wa kambi wanavyofanya dunia nzima. Pumzi ya mmoja ikawa pumzi ya wote. Katika wagonjwa 136 ambao habari zao zilijulikana, 36 hawakuhisi chochote. Hao ndio wagonjwa wasiojijua, na cheti hakikuwaona.

Kiangazi kilekile, kule Maine, makambi manne yalipokea watu 1,022, watoto 642 na wafanyakazi 380, kutoka majimbo 41 na hata nchi za nje. Watu wa mbali namna hiyo wakikusanyika ungetazamia maafa. Lakini wao walianzia nyumbani. Kila mmoja alitakiwa akae karantini na jamaa zake siku 10 mpaka 14 kabla ya safari, kisha apimwe siku chache kabla ya kufika. Watu wanne wakakutwa na korona kabla hawajaondoka makwao. Je, walifukuzwa? Waliambiwa wajitenge nyumbani siku 10, kisha wakaja kambini kama wenzao. Ndugu zangu, niliposoma habari hiyo ndipo nilipomkumbuka yule mtoto mwenye shati. Nafasi yao iliwangoja. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuficha kitu.

Wakishafika, watoto waligawanywa katika makundi, na siku 14 za kwanza kila kundi liliishi kama nyumba moja: linakula pamoja, linalala pamoja, linacheza pamoja, na likikutana na kundi jingine huvaa barakoa na kukaa mbali kidogo. Kuoga na kula kulikwenda kwa zamu. Kila siku waliulizwa hali zao. Halafu baada ya siku kadhaa wakapimwa tena wote, maana walijua kwamba kipimo kimoja si ahadi. Wakakutwa watatu, wafanyakazi wawili na mtoto mmoja, wote hawana dalili hata moja. Wakatengwa, na makundi yao yakawekwa karantini. Hapana mtu mwingine aliyeambukizwa kutoka kwao. Watu elfu moja na ushei, wagonjwa watatu, na ugonjwa ukaishia hapo.

Nawasikia wengine wakisema, “Huyu ndugu anatuletea mambo ya matajiri.” Ni kweli, makambi yale ya Maine ni ya watu wenye uwezo, na sitaki kuwadanganya wasomaji. Kuwapima watu elfu mara mbili ni gharama. Mtoto anayetakiwa kukaa nyumbani siku 14 na jamaa zake anahitaji jamaa wasiolazimika kwenda sokoni kila alfajiri. Na tazameni hesabu yenyewe: wafanyakazi 380 kwa watoto 642! Sisi huwa na mlezi mmoja kwa watoto ishirini, na mlezi huyohuyo ndiye anayekwenda kununua maharage. Lakini yako mambo katika yale ambayo hayahitaji senti. Kugawa watoto katika makundi hakuna bei. Kufungua dirisha hakuna bei. Kumwambia mzazi kwamba nafasi ya mwanawe itangoja, hiyo ni kalamu tu.

Wako pia wanaosema dawa ni kufunga makambi yote. Mwaka 2020 Serikali yetu ilifunga shule Machi 17, na shule zote zikawa zimefunguliwa tena Juni 29, na katika ugonjwa mpya usiojulikana sioni aibu ya kuahirisha. Kambi ikiahirishwa watoto hununa siku mbili. Lakini maradhi yetu ya kila mwaka hayasubiri ugonjwa mpya: tetekuwanga, surua, mafua, kuhara, macho mekundu kama yale yaliyozagaa Januari 2024. Tukifunga kwa ajili ya hayo hatutafungua kamwe. Na wako watoto ambao kambi ndiyo siku zao za kula mara tatu kwa siku. Nimewaona. Mtoto wa namna hiyo ukimfungia kambi hujamlinda na kitu.

Basi tuseme juu ya mgonjwa asiyejijua, maana huyo yuko kila kambi. Mabweni yetu usiku hufungwa madirisha kwa hofu ya mbu na wezi. Hofu zote mbili ni za kweli, lakini dawa yake ni wavu na nondo. Ukiingia alfajiri katika bweni lililofungwa usiku kucha, pua yako itakwambia ni pumzi ngapi zimezunguka humo. Surua hukaa hewani katika chumba hata saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, na mtoto mwenye surua huanza kuambukiza siku nne kabla ya upele wake kuonekana. Kwa surua tunayo chanjo, watoto wetu hupewa mara mbili, wafikapo miezi 9 na miezi 18, kwa hiyo kadi ya kliniki iletwe pamoja na karatasi ya kambi, na asiyechanjwa apelekwe kituo cha afya mapema, siyo siku ya safari. Tetekuwanga haimo katika chanjo za kawaida wanazopewa watoto wetu, na mafua hayana kadi. Hapo ni hewa tu inayotusaidia, na nafasi baina ya vitanda. Pasipo na nafasi, walale mzungu wa nne, huyu kichwa huku na jirani yake kichwa kule, ili wasipumuliane usoni. Babu zetu walilala hivyo safarini, nao hawakuwa na taarifa ya Marekani.

Na nyimbo ziimbwe nje. Najua mwimbishaji wa kambi yetu atanikasirikia, lakini uwanja upo, na sauti za watoto zafika mbali zaidi chini ya mwembe.

Juu ya maji, sabuni na choo sitasema mengi, kila mtu anajua, kazi ni kutenda. Nitasema juu ya beseni tu. Watoto ishirini wakinawa uso katika beseni moja na kujifuta kwa taulo moja, macho mekundu ya mmoja ni ya ishirini. Ndoo yenye bomba chini yake, maji yakatiririka na kwenda zake, ni bora kuliko beseni la fedha.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu hasa, wala silioni katika taarifa za Marekani. Sisi kila homa twaiita malaria. Mtoto akitetemeka usiku, mlezi mwenye huruma humpa vidonge, humfunika blanketi, na kumwacha palepale kati ya wenzake. Huenda ni malaria kweli, na malaria huua, kwa hiyo apimwe upesi. Lakini kipimo kikisema si malaria, bado ile homa ni ya kitu fulani, na mpaka kijulikane mtoto asirudi kulala bwenini. Nilikwisha kumwona mlezi aliyefurahi kwamba “si malaria” akamrudisha mtoto kwenye ngoma. Tena wako wanaotoa aspirini kama peremende. Mtoto mwenye tetekuwanga au mafua asipewe aspirini, yaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Kila mlezi ajue hilo kabla ya kukabidhiwa sanduku la dawa.

Sasa narudi kwa mgonjwa anayejificha, maana huyu ndiye niliyemwandikia makala haya. Mtoto hujificha kwa sababu tatu. Anaogopa kupoteza fedha ya wazazi, anaogopa kuchekwa, na anaogopa chumba. Ndiyo, chumba. Katika kambi ninayoisema, yule mtoto tulimweka katika stoo ya majembe, mlango ukafungwa, akaletewa chakula na kusukumiwa kwa mguu. Hatukuwa na nia mbaya, tuliogopa. Lakini watoto waliona. Siku ya nane mtoto mwingine akawa na homa, nami nikaijua kwa kuwa alianguka kwenye gwaride. Alikuwa na homa tangu siku iliyotangulia na wenzake kitandani walijua, wakamfichia. Niliwauliza kwa nini. Mmoja akanijibu, “Tuliogopa atafungiwa na majembe.” Ile homa haikuwa tetekuwanga, ilikuwa malaria. Kwa hiyo fikirini: mtoto mwenye malaria alikaa siku nzima bila dawa kwa sababu ya vile tulivyomtendea mwenye tetekuwanga.

Chumba cha mgonjwa kiwe chumba cha kweli, chenye dirisha, karibu na mlezi, kitanda safi, na mtu aliyekwisha kuugua ugonjwa ule akae naye. Apewe simu aongee na mama yake siku ileile. Rafiki zake wasimame nje ya dirisha wamsalimu. Gharama yake ni nini? Na mtoto mwenye homa aliyesema mwenyewe, asubuhi yake asimulie mlezi mbele ya wenzake kwamba fulani amefanya vizuri kusema.

Na yale maswali ya mlangoni yasiulizwe tena kwa kupaza sauti. Mzazi mmoja mmoja, kando, mezani, na swali liwe la mambo yanayojulikana: Je, nyumbani kwenu yuko mwenye upele? Mwenye homa wiki hii? Mwenye kuhara? Mtu hujibu anapoulizwa peke yake. Simu ya mzazi na ya jirani yake iandikwe, kwa kuwa baada ya kambi tutahitaji kuwapigia watu wote ugonjwa ukitokea. Kambi ile yetu ilipomalizika hatukuwa na orodha. Nilizunguka kwa miguu mtaa hadi mtaa kuwauliza watu, na kwa mama mja mzito nilifika nimechelewa. Angeambiwa mapema kwamba mwanawe alilala chumba kimoja na mgonjwa, angekwenda kwa daktari kabla hajaanza kuugua.

Imebaki ada. Juma lililopita kamati ya kambi yetu ya Desemba ilikutana, nami nikatoa shauri langu: yale maneno mawili yafutwe, na mahali pake yaandikwe kwamba mtoto atakayeugua kabla ya safari ada yake itarudishwa yote, au kama mzazi apenda, nafasi yake itawekwa mpaka apone, na atakayeugua kambini atarudishiwa fedha ya siku zilizobaki pamoja na nauli. Mweka hazina wetu ni mtu mwangalifu, na kazi yake ni kuuliza. Akauliza fedha hiyo itatoka wapi. Mwingine akasema wazazi watadanganya, watajifanya watoto wao wagonjwa ili warudishiwe. Nikamjibu kwamba nimekwisha kuona mzazi akisema uongo kuhusu ugonjwa, na uongo wenyewe ulikuwa wa upande wa pili.

Kuhusu fedha, nilimwonyesha mweka hazina mstari mmoja katika hesabu zake, ule wa fulana za kambi zenye jina na picha mgongoni. Watoto wakicheza na nguo zao za nyumbani, fedha ile inatosha kuwarudishia wagonjwa kadhaa na kununua wavu wa madirisha ya bweni moja. Kamati haikukataa wala haikukubali. Tunakutana tena Jumamosi saa kumi alasiri, ofisini kwa tawi, na mkutano uko wazi kwa wazazi. Nimekwisha kumpelekea habari yule mama wa vitumbua. Amesema atakuja akimaliza biashara yake.